Kibali cha Dada kwenye Ukuta Wangu

Mshauri mpendwa, salamu nitakutumia siku nitakayokuwa na utulivu, leo naomba msaada moja kwa moja kwa sababu nimekalia kuti kavu na Jumamosi si mbali, na hata barua hii naiandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya kukatia vitambaa, maana nikikaa tu miguu inaanza kucheza yenyewe mpaka wasichana ninaofanya nao kazi wananiuliza dada una nini.

Mimi ni fundi cherehani, nina duka langu la kushonea, nimo kwenye ndoa mwaka wa kumi na mmoja sasa na Mungu ametujalia wasichana wawili, mkubwa ana miaka tisa na mdogo sita, na baba watoto ni dereva wa lori la masafa marefu, akiondoka anaweza kumaliza wiki tano bila kurudi, kwa hiyo mambo ya nyumbani ni mimi, shule ni mimi, bomba likipasuka ni mimi, na nasema ukweli sijawahi kumwangusha, ndiyo maana hili linaniua. Nyumba yetu tuliijenga miaka sita iliyopita, ya chini tu, wakati ule mtaani kwetu hakuna aliyekuwa anauliza habari za kibali, tukatumia ramani ya dada yangu mkubwa, yaani yeye alijenga kabla yangu mtaa wa pili, nikaipenda nyumba yake, nikamwomba ramani, fundi akaitazama akasema hii naijenga nimefumba macho, na kweli ilitoka vilevile, madirisha yale yale, varanda ile ile, mpaka wageni wa dada wakipotea wanabisha hodi kwangu.

Sasa mwaka jana dada akapandisha ghorofa, akafuata taratibu zote, nje akaweka kibao chenye namba ya kibali, na ilipokamilika ikapendeza mno, roho yangu ikakosa kutulia, sikufichi. Na wakati huohuo mamamkwe magoti yakamchosha, baba watoto akasema mama hawezi kuendelea kukaa peke yake, tuongeze vyumba viwili juu, sisi tuhamie huko, mama alale chini na wajukuu zake, akanikabidhi kazi yote, akaniambia mke wangu mimi niko barabarani, wewe shughulikia kibali kwanza, fundi asiguse hata tofali moja kabla hakijatoka, nikamjibu usijali baba.

Nikaenda ofisi ya ujenzi. Mara ya kwanza wakaniambia lete hati ya kiwanja na ramani, nikapeleka, mara ya pili yule baba wa dirishani akasema karatasi zako nimeziona mama, lakini kwa kuwa unaongeza juu ya nyumba ya zamani lazima mhandisi aje achimbe pembeni auone msingi kama unabeba au haubebi, halafu aandike ripoti, na wahandisi wana foleni, kwa hiyo subiri. Mshauri, msimu ule nilikuwa na sare za shule mbili na bibi harusi mmoja asiyejua anataka nini, kichwa kilikuwa kimejaa, nikajiuliza msingi wa nini tena wakati ramani ni moja na ya dada imeshapita? Mimi kazini kwangu pateni moja nikishaikata kwenye karatasi nawashonea wapambe sita wa bibi harusi na wote wanapendeza, sasa nyumba mbili za ramani moja zina tofauti gani? Ndivyo nilivyofikiri, nakuapia sikuwa na nia mbaya. Nikaenda kwa dada nikamwambia niazime kibali chako nione kinafananaje, akanipa hata bila kuuliza, nikapita kwa mtu wa fotokopi, nikafuta jina la dada na namba ya kiwanja chake kwa ile rangi nyeupe ya kufutia, nikaandika vya kwangu kwa mkono wangu huu, nikatoa kopi ya pili, ikatoka safi mpaka mwenyewe nikashangaa.

Nikakipiga picha nikamtumia baba watoto nikamwambia kibali hicho. Basi mume wangu kwa furaha akairusha ile picha kwenye kundi la simu la familia yao, akaandika mke wangu kamaliza kazi, na mawifi zangu walivyo hawana dogo siku ile wote walinipongeza, mamamkwe akatuma sauti anacheka anasema wengine wameoa, mwanangu yeye amepata injinia, na mimi, mshauri, badala ya kuona aibu niliisikiliza ile sauti mara tatu.

Fundi wetu watu wanamwita Hamna Shida kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu. Akaanza, akamwaga zege la juu, akasimamisha kuta, kazi inakimbia mpaka majirani wanasimama kuangalia. Wiki mbili baada ya kutoa ile miti iliyokuwa imelishikilia zege ukatokea ufa chumbani kwa watoto, kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama uzi, nikaweka alama ya chaki yangu ya kukatia pale unapoishia, asubuhi nikakuta umeipita, nikaweka nyingine, nayo ikapitwa, sasa hivi ziko alama sita, na mlango wa chumba hicho ukaanza kugoma kufunga, Hamna Shida akauranda, wiki iliyofuata ukagoma tena akauranda tena, akaniambia dada, nyumba inajiweka sawa tu, hata mtu akikaa kwenye kiti si anajisogezasogeza kwanza, tutapiga plasta na wala hutakumbuka kama kulikuwa na kitu. Hilo nalo linanikera, lakini kubwa ni hili linalofuata.

Jumatano iliyopita alikuja mkaguzi wa ujenzi, kijana mpole tu, akaomba kibali, nikampa ile kopi, akaisoma, akaitazama nyumba, akanitazama mimi, akasema, "Mama, namba hii naijua. Nyumba hii niliikagua mwenyewe mwaka jana, na haikuwa hapa." Akaondoka na kopi, akaniachia barua kwamba kazi isimame na nifike ofisini ndani ya siku kumi na nne, na kabla ya kuondoka akachora alama kubwa nyekundu ukutani, karibu kabisa na mlango wa mbele. Alipopotea tu nikamwambia Hamna Shida aning'inize turubai hapo, mtu akipita aone kama tunazuia vumbi.

Kesho yake dada akaingia dukani kwangu, wamemwita ofisini kumhoji kama ameuza kibali chake, wateja wamekaa, mmoja yuko kwenye kioo na pini mgongoni, dada hakujali, akasema, "Nilikuazima ukiangalie, kumbe umekivaa!" Nikamwomba twende nje tuongee, akakataa, akasema, "Mimi kwangu walichimba msingi mpaka fundi akiwa ndani humwoni kichwa, na nguzo za nondo kila kona, kwa sababu tangu mwanzo nilijua nitapandisha. Wewe kwako walichimba kiasi gani?" Mshauri, nakumbuka vizuri wakati ule fundi alisema nyumba ya chini haihitaji makuu, tukachimba mpaka magotini, na nguzo hatukuweka. Dada akaondoka, na mpaka leo simu zangu hapokei.

Na jana baba watoto kapiga, sauti imejaa raha, anasema Jumamosi mchana anafika na mama, godoro la mama liko juu ya lori, nyumba yake ameshawapa wapangaji, na mama anasema hatakunywa chai njiani, atakunywa ya mkwe wake. Hamna Shida anasema nimpe siku nne tu, mabati yameshafika, atapiga plasta, atapaka rangi ndani na nje, na lile jekundu litazama chini ya rangi mbili. Halafu pale nje ya ofisi ya ujenzi kuna mzee mmoja anayewajazia watu fomu, anaitwa Mzee wa Mihuri, yeye anasema anaweza kunitolea kibali chenye tarehe ya nyuma na mkaguzi akanyamaza.

Naomba uniambie, nimwambie mume wangu ukweli kabla hajafika, au nimwache afike, aone nyumba imependeza, mama akae, halafu nimwambie taratibu? Na huyu Mzee wa Mihuri nimkubali, japo mara hii moja tu? Na dada yangu nitampata vipi tena? Mume wangu hajawahi kuniita mwongo, na mama yake ndiyo kwanza ameanza kuniita mwanangu. Sili, nikishika mkasi nakata upande usio wangu, juzi nimeharibu suruali ya mtu. Namba yangu ya simu nimeiandika hapa chini, tafadhali usiitoe gazetini.

Ni mimi, fundi cherehani asiyetulia.

*

JIBU

Mwanangu, umeandika umesimama na mimi nimekusoma nimesimama, kwa hiyo tuachane na mapambo.

Umeniuliza maswali matatu. La mume, la Mzee wa Mihuri na la dada. Swali lililotakiwa kuwa la kwanza hukuuliza kabisa, umelipitisha katikati ya barua na kusema linakukera. Ufa umepita alama sita. Mlango umerandwa mara mbili na bado unagoma. Chumba hicho wanalala watoto wako, na Jumamosi unataka kumwongeza na bibi yao mwenye magoti mabovu, ambaye hata akiambiwa kimbia hataweza. Juu ya vichwa vyao kuna zege na kuta za matofali, chini yao kuna msingi wa magotini. Unaogopa mamamkwe aache kukuita mwanangu! Ogopa kwanza asije akakosa wajukuu wa kumwita bibi.

Nimekuwa mkali, najua. Ningekuwa karibu ningekushika mkono, maana ninaona mwanamke aliyebeba nyumba nzima peke yake wiki tano tano, na siku moja akachoka kusubiri foleni. Uchovu huo naufahamu na sikucheki. Lakini kuchoka hakukushika mkono ukafuta jina la dada yako, hiyo ni wewe.

Kabla sijaandika neno nilimpigia mhandisi mmoja mzee ambaye nikimsumbua hunivumilia. Nilimsomea mistari yako ya ufa na mlango. Hakuniacha nimalize. Alisema ufa unaotembea baada ya kuongeza uzito, pamoja na mlango unaobana, maana yake nyumba inakwenda, na hakuna mtu anayejua kwa kuangalia tu kama itasimama mwezi au itasimama mpaka kesho. Alisema asilale mtu humo, isipandishwe juu hata ndoo ya mchanga, na plasta haishikilii chochote, inaficha tu. Nilimuuliza nikuambie nini kuhusu mabati. Alinijibu kwa neno ambalo mhariri wangu hawezi kulichapa.

Sasa hebu tuzungumze kazi yako, kwa kuwa wewe mwenyewe umeileta. Pateni moja unawashonea wapambe sita. Kweli. Lakini mwanangu, wote sita si unawapima kwanza? Yupo fundi anayekata kitambaa cha watu kabla hajazungusha futi kiunoni? Yule baba wa dirishani alikuomba kitu hicho hicho, mtu aje aipime nyumba yako, si ya dada. Kibali cha dada yako kilikuwa na maana kwa sababu kuna mtu alishuka shimoni kwake akaangalia. Wewe umechukua jibu la shimo lake ukalibandika kwenye shimo lako. Na yule kijana mwenye rangi nyekundu ndiye mtu pekee katika barua yako yote aliyekuja kukusaidia bila kukusifia, na wewe ukamning'inizia turubai.

Kwa hiyo sikiliza. Watoto wanatoka leo, na wewe pamoja nao, mnakwenda kulala kwa dada yako. Ndiyo, huyo huyo asiyepokea simu. Usimpigie, nenda mlangoni kwake umeshika mikono ya watoto, umwambie ufa umepita alama sita. Atakutukana, na wakati anakutukana atakuwa anatandika kitanda, ndivyo dada walivyo. Ukishatulia hapo umwandikie maelezo kwa mkono wako kwamba hakujua lolote, utie sahihi, ukayakabidhi ofisini. Usimpelekee zawadi. Anachohitaji ni jina lake lisafishwe mahali lilipochafuliwa.

Hamna Shida ateremke leo na vifaa vyake vyote, na mabati yabaki chini. Akikuambia hamna shida, mwambie basi alale yeye chumbani kwa watoto na mke wake. Utaona atakavyokumbuka kwamba ana safari.

Mzee wa Mihuri usimkaribie. Karatasi moja ya uongo imekufikisha hapa, ya pili inakupeleka mahakamani umeshikana naye mkono. Nenda ofisini mwenyewe, siku zako kumi na nne hazijaisha, mtafute mkaguzi yule yule, na umwambie kwa mdomo wako kwamba ulifuta na kuandika, halafu umwombe mhandisi aje achimbe aone msingi. Sikuahidi kwamba watakupigia makofi. Kuna adhabu kwa ulichofanya, na inawezekana kabisa ghorofa ikaamriwa kushushwa, tofali kwa tofali. Jiandae kuiona ikishuka. Ikishushwa na mafundi mchana kweupe, kila mtu akiwa nje, hiyo ni bahati yako, wala usiililie.

Na baba watoto unampigia leo, kabla hajawasha lori. Usianze na mwaka jana wala na bibi harusi wako. Mwambie hivi: kibali sikupata, karatasi uliyoiona ni ya dada na niliifuta mimi, nyumba imepasuka, watoto nimewatoa, mama asije kwanza, mpeleke kwa wifi. Halafu nyamaza umwache aongee. Atapandisha, na ana haki ya kupandisha, kwa sababu alikuambia neno moja tu kabla ya kuondoka na ndilo ulilolivunja. Nakuambia pia kile ninachokijua kuhusu wanaume wa barabarani: akifika Jumamosi akasimama mbele ya nyumba ile, akaona ufa kwa macho yake, akaona wanawe wako wima, hasira yake itajua pa kukaa. Lakini afike akute umepaka rangi, alale humo, halafu ajue baadaye, hapo utakuwa umemdanganya akiwa usingizini, na sijui mume anayelisahau hilo.

Kundi la familia litajua. Mawifi watakuita injinia kwa mwaka mzima, kila shughuli, kila ukipita na sahani. Vumilia, utani huo hauui mtu.

Limebaki moja na ndilo linaloninyima utulivu mimi. Barua yako umeiandika Jumatatu, imenifikia Jumatano, na gazeti hili linatoka Alhamisi. Namba uliyoniandikia nimeipiga mara nne, inaita mpaka inakata, nadhani mashine zako zina kelele au unadhani ni mteja wa ile suruali. Mtaa hukuniandikia. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu, yeyote anayemfahamu fundi cherehani mwenye nyumba inayopandishwa juu na turubai karibu na mlango wa mbele, aache anachofanya ampelekee ukurasa huu. Utanilaumu kwa kukutangaza, nami nitakubali lawama, mradi unilaumu ukiwa nje.

Kama unanisoma ukiwa dukani, watoto wakitoka shule waende kwa mama yao mkubwa moja kwa moja, wasipitie nyumbani hata kuchukua viatu. Na kama unanisoma ukiwa sebuleni kwako, mwanangu, ishia hapa. Toka na watoto, simama barabarani, ndipo usome mstari huu wa mwisho: ile namba usiyoijua iliyokupigia mara nne ni yangu, nipigie uniambie mmetoka wote.